Nafasi ya Mawinguni

Niwieni radhi mapema, maana hadithi hii ilistahili mtu anayejua kusimulia, na Mbinga watu hao wapo: kuna makatekista, kuna madalali wa kahawa, kuna kina mama wa sokoni wanaoweza kukueleza habari za kabichi ukatokwa na machozi. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani. Nimezoea kuanguka kwanza, maneno yafuate. Basi nitaruka mahali pa kukaa, nitakaa mahali pa kuruka, na sauti yangu siku hizi haifiki viti vya nyuma, kwa hiyo walio nyuma wasogee. Jina langu la jukwaani ni Debe. Nyumbani nilipewa jingine, la mtakatifu, lakini hata paroko ananiita Debe.

Hadithi yenyewe ni ya Rogasian na mkewe Kalista, na mtoto wao Eunice, na nyumba yao iliyo nyuma ya stendi ya Mbinga: mbele duka, nyuma vyumba viwili na jiko. Duka lilikuwa la picha. Picha za pasipoti, kadi za harusi, fulana za msiba, mabango ya kipaimara. Ila kilichompa Rogasian jina kuanzia Songea hadi Mbamba Bay ni mabango ya filamu. Vikundi vyetu vya huku kusini vyote vilipitia mikononi mwake, na vyote vilifanya kazi kwa desturi moja: bango kwanza, filamu baadaye. Unatengeneza bango, unalitundika, watu wanaulizana, mnunuzi mmoja wa kahawa anaona sura zimekaa vizuri anaamua kusaidia, ndipo kamera inawashwa. Kuna filamu za Mbinga ambazo mpaka leo zimeishia kwenye bango, na ni nzuri kuliko zilizopigwa.

Na Rogasian alikuwa na sheria zake, hazivunjwi hata ukilia. Nyota anakaa katikati, uso mkubwa kuliko wote, anakutazama machoni. Ukisogea, macho yanakufuata. Wapenzi wanapeana migongo hata kama kwenye filamu hawajawahi kugombana. Tajiri anaegemezwa kwenye gari ambalo si lake. Mama mkwe anabanwa pembeni, nusu ya uso gizani. Nyuma inaruka helikopta, na wilaya nzima hakuna aliyewahi kuipanda. Filamu ya mapenzi, herufi zinajikunja kama mkia wa kinyonga. Filamu ya majini, herufi zinachuruzika damu. Na kule juu kabisa, chini kidogo ya majina, anaweka mawingu, na ndani ya mawingu anaweka sura moja iliyofifia kama shati lililosahauliwa kwenye jiki. Huyo ndiye atakayekufa. Mtazamaji wa huku haulizi filamu inahusu nini. Anatazama mawinguni, anasema, "Kumbe dada wa watu anakufa," kisha anaingia hivyo hivyo akalie. Mawingu hayo hayo Rogasian aliyatumia kwenye mabango ya misa za kumbukumbu. Picha moja, wateja tofauti.

"Rogasian, baba, nipandishe kidogo," nilikuwa nikimwambia kila bango.

"Mchekeshaji hukaa chini kulia. Mdomo wazi, nusu kipimo."

"Tangu tuanze nipo chini kulia. Shingo inaniuma kwa kuwatazama wenzangu."

"Debe, ukikaa katikati watu watadhani ni tangazo la dawa ya meno. Na huko juu unakokutaka, wanakaa wafu. Unataka?"

"Nipandishe tu, nitajua mbele ya safari."

Ulikuwa utani wetu. Kalista alikuwa anaujua mpaka anaumalizia kutoka jikoni.

Mwaka huo tulipanga filamu iliyoitwa Shela la Ziwani. Mwongozaji alikuwa Sixbert, Mnyasa mwenye ukumbi wa video kule Mbamba Bay, mtu mwembamba mwenye mipango minene. Kalista alikuwa bibi harusi, nyota wetu. Wa kucheza jini alikuwa Zabron, ila siku ya kutengeneza bango Sixbert aliingia dukani amenuna.

"Zabron kapata kazi kwenye makaa ya mawe. Jini hatuna."

"Tungoje apatikane mwingine," Rogasian alisema.

"Bango halingoji. Weka kivuli cheusi, chini kushoto, kisiwe na uso. Na kwenye majina, mwisho kabisa, andika hivi: Na Jini Mwenyewe wa Ziwa Nyasa."

Kalista alikuwa kwenye kigoda anamsuka Eunice. Alisema bila kuinua kichwa, "Shemeji, unamwita mtu kazini kwa jina, na kipande chake hujakipima?"

Kwa Wamatengo hilo si jambo dogo. Ukiita watu kwenye ngokela, waje wakulimie kwa pamoja kisha wanywe pombe yako, kila uliyemtaja lazima akute kipande chake cha shamba kimepimwa na pombe imeiva. Aliyeitwa akakosa kipande haendi kwake. Anakaa uani kwako anakutazama, na atakachokichukua pale wakati anangoja, huna mdomo wa kumkatalia.

"Jini halimi kahawa, Mama Eunice," Sixbert alisema.

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuwashinda, maana ndicho kipaji changu.

Bango likachapwa Songea kwenye turubai, likarudi na basi, likatundikwa ukutani dukani. Ilikuwa Julai, ile miezi ambayo ukungu wa Mbinga unaingia ndani bila hodi na mtu anaota moto mchana. Asubuhi ya kwanza Kalista alisimama mbele ya bango na kikombe cha chai.

"Baba Eunice, mbona umenigeuza macho?"

"Sijakugeuza."

"Njoo uone. Sitazami watu. Natazama pale chini."

Rogasian akaja. Kweli, macho ya Kalista kwenye bango yalikuwa yamepinda kidogo, kushoto, kuelekea kwenye kile kivuli. Akasema turubai limejikunja kwenye basi. Akalivuta pembe zote, akaongeza misumari, akaenda kumpiga mteja picha.

Halafu ikaja harufu. Usipa uliolowa, wale dagaa wa ziwani wanaotoka majini asubuhi, pamoja na tope la chini ya mawe. Mbinga iko juu milimani, ziwa liko mbali huko chini. Usipa tunaouona ni mkavu, kwenye magunia. Kalista alifua mapazia, akasugua sakafu, akatafuta panya aliyekufa nyuma ya kabati. Harufu ilikuwa inakaa pale alipokuwa amekaa yeye, kama mgeni anayengoja kigoda kiachwe. Na ukutani, nyuma ya bango, jioni umeme ukikatika na jenereta za jirani zikinyamaza, ilisikika sauti ya mbao kugonga mbao, taratibu, kama kasia linavyogonga ubavu wa mtumbwi wakati mpigaji hana haraka kwa sababu anajua anakokwenda.

"Unasikia?" Kalista alinong'ona.

"Mabati yanapoa."

"Mabati ya nani yanapiga kasia?"

Baada ya siku kadhaa bango halikuhitaji tena kuelezwa. Kalista alikuwa amepanda. Uso wake, uliokuwa katikati mkubwa kama sinia, ulikuwa umesogea juu na kupungua, na rangi ya mashavu imeanza kuondoka. Rogasian alifungua kompyuta. Kwenye kazi kama ile kila sura inakaa kwenye tabaka lake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, na unaweza kuisogeza moja usiguse nyingine. Tabaka la Kalista lilikuwa limesogea lenyewe. Akalishusha, akalikuza, akairudisha rangi, akahifadhi, akazima mashine na kuchomoa waya. Asubuhi akakuta mkewe yuko juu tena, ukutani na kwenye mashine, juu zaidi ya jana, na kidevu kimeanza kuingia mawinguni. Akamshusha. Akapanda. Mtu aliyetunga sheria yeye mwenyewe, aliyewafundisha watu wa wilaya mbili kusoma mawingu, akawa anakaa mbele ya kioo na kumvuta mkewe kwa kidole kimoja kama anayevuta ndoo iliyotumbukia kisimani, na kamba inazidi kurefuka.

Akalichoma bango uani. Moshi ulinuka samaki. Ukutani pakabaki maji, yenye umbo la bango, na ndani ya yale maji, ukisimama vizuri, sura zote zilikuwapo.

Hapo wateja nao wakaanza kurudisha picha za pasipoti. Mwalimu mmoja alisema ofisi imemkatalia, kwa sababu nyuma ya bega lake kuna bega jingine.

Lakini ya kwenye picha yalikuwa madogo. Kalista alienda sokoni akamsalimia Mama Hilda wa nyanya, mama aliyezoeana naye tangu ubatizo, na Mama Hilda akaendelea kupanga mafungu yake, akamhudumia mtu wa nyuma, mkono ukapita karibu na pua ya Kalista kama unapita hewani. Kanisani jumuiya ilimruka kwenye zamu yake ya kusoma. Alikuwa akiongea ndani ya nyumba yake na watu wakayafunika maneno yake kwa yao, si kwa dharau, ila kama mtu anavyopaza sauti mvua ikipiga bati. Mikono ilikuwa baridi na yenye unyevu, na alipojitazama kwenye kioo cha kabati, kioo kiliingia ukungu kutoka upande wa ndani.

Mimi nilienda kuwatembelea wakati huo, sijui lolote, nikaingia na kelele zangu kama kawaida, nikampiga Rogasian bega.

"Mbona duka limepoa kama mochwari? Shemeji yangu yuko wapi anipe chai?"

Rogasian alinitazama, kisha akatazama kigoda kilichokuwa mbele ya magoti yangu, na mimi nikafuata macho yake, na ndipo taratibu, kama unavyoanza kuona vitu ukiingia ndani kutoka juani, nikamwona Kalista amekaa pale, kikombe mkononi, ananinyooshea.

"Nimekuamkia mara tatu, shemeji Debe," alisema.

Nimekaa jukwaani miaka mingi. Nimetupiwa maganda ya ndizi, nimewahi kuchezea ukumbi wenye mtu mmoja na amelala. Sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikipokea kile kikombe, chai ilikuwa ya baridi na ina ladha ya ziwa, nikainywa yote kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia.

Paroko aliitwa. Alikuja na maji ya baraka, akapita chumba kwa chumba, na harufu ikaondoka, na tukavuta pumzi. Mchana wa siku iliyofuata ukungu ulikuwa mzito mpaka taa ya duka iliwashwa saa sita. Eunice alikuwa anacheza uani akaanguka, akaingia ndani analia, "Mama, mama," na Kalista akapiga goti akafungua mikono, "Nipo hapa, mwanangu, njoo," na mtoto akampita. Akaipita mikono ya mama yake iliyo wazi, akaenda mpaka ukutani kwenye lile doa la maji, akanyamaza kulia, akaweka kiganja chini kushoto, kwenye kile kivuli ambacho sasa kilikuwa na nyusi, na kope, na macho yaliyokuwa yakitazama watu moja kwa moja kama nyota wa filamu anavyotakiwa kutazama, macho ya Kalista yenyewe, mabichi.

"Mama huyu hapa," Eunice alisema.

Kesho yake asubuhi Sixbert alikuja na pikapu, kamera na nguo za harusi za filamu zikiwa bado nyuma. Mtoto akaachwa kwa bibi yake, nasi tukashuka kwenda ziwani: Rogasian, Kalista, Sixbert na mimi. Sixbert alikuwa anamjua Bibi Walburga, mama mmoja wa ufukweni, chini ya kijiji cha Ngumbo, anayejulikana kwa kuondoa vitu vya majini kwa watu. Njiani, Kingerikiti, tulisimama tule. Mama ntilie akaleta sahani tatu.

"Tupo wanne, mama," Rogasian alisema.

Akahesabu kwa kidole, akatuhesabu tena. "Wa nne yuko chooni?"

Kalista alikuwa anamtazama usoni. Rogasian akamsogezea mkewe sahani yake, akakaa anamwangalia akila, haangalii pembeni hata kidogo, kama mtu anayeshikilia mlango kwa macho.

Bibi Walburga tulimkuta ufukweni anageuza usipa kwenye chanja, amejifunga khanga ya wanawake wa Kikatoliki, rozari shingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmekuja wanne, na mmoja wenu amelowa. Mpeni kitu ajifunike."

Kalista akaanza kulia. Bibi huyo ndiye mtu wa kwanza wa nje aliyemwona bila kuonyeshwa tangu ukungu uingie.

Rogasian akatoa simu, akamwonyesha bango, akamweleza kila sura na mahali pake, na jinsi mkewe alivyopanda. Bibi Walburga akavaa miwani. Akatazama sana. Kidole chake kikasimama chini kulia.

"Na huyu?"

"Ni mimi, Bibi," nikasema.

"Umefanya nini mdomo?"

"Nachekesha."

"Mm." Akageuza samaki wachache. Kisha akarudisha simu. "Padre hakukosea. Padre anafukuza mwizi. Huyu si mwizi. Mmemwita kwa jina lake, mkamtangaza kwa watu, mkamnyima kipande. Amekaa kwenu anangoja. Na anayengoja bila kazi hushika kazi ya aliye karibu. Ameshika ya huyu mama, anaelekea kuimaliza."

"Tumfanyeje?" Rogasian aliuliza.

"Mpeni kazi mliyomwitia. Akimaliza, mnywesheni. Akinywa, mpeni kwaheri kwa jina lile lile. Kazi yake ilikuwa nini?"

Sixbert alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Kwenye filamu," alisema mwishowe, "jini anatoka majini anamchukua bibi harusi."

"Bibi harusi ni nani?"

"Mimi," Kalista alisema. Sauti ilitoka kama kwenye mtungi.

Bibi Walburga akageuza samaki mwingine kwenye chanja. "Kipande kinaweza kubadilishwa kabla jembe halijagusa udongo," alisema. "Lakini bibi harusi awepo, na awe mtu wa kwenye bango."

"Nivae mimi," Rogasian akasema upesi.

"Wewe umo kwenye bango?"

Hakuwemo. Fundi wa sura za watu, yake hakuwahi kuiweka popote. Waliokuwemo pale ni Sixbert na mimi. Sixbert akakumbuka kwamba mwongozaji hawezi kuwa mbele na nyuma ya kamera kwa wakati mmoja.

"Nipeni hilo shela," nikasema. "Mimi nimeolewa jukwaani kuliko wanawake wote wa Ruvuma, na kila ndoa nilipigwa."

"Unajua unachokifanya?" Bibi Walburga akaniuliza.

"Bibi, sijawahi kujua, na watu huwa wanarudi."

"Anayebeba kipande cha mwenzake hutaja anachotaka. Ndiyo desturi. Taja, asikie kila anayepaswa kusikia."

Jamani, watu wote pale walikuwa wamekunja nyuso kama wamekula ndimu, na Kalista anatetemeka ndani ya khanga ya watu. Mchekeshaji afanye nini?

"Basi," nikasema kwa sauti yangu yote, nikiwa nimelielekea ziwa, "Rogasian anipandishe juu kwenye bango."

Walicheka. Hata Kalista alicheka, na kicheko chake kilikuwa na joto kidogo, nikajiona nimefanya kazi.

Tulipiga filamu alasiri. Nilikalishwa kwenye jiwe karibu na maji, shela usoni, gauni la kukodi limefungwa mgongoni kwa pini kwa sababu halikukutana. Rogasian alishika kamera. Bibi Walburga alikaa nyuma na kibuyu cha pombe ya mahindi. Sixbert akasema tuanze.

Kule katikati ya ziwa, upande wa Malawi, lilisimama lile wingu la vijidudu ambalo watu wa Nyasa wanalijua, linapanda kutoka majini kama moshi wa nyumba inayoungua, na watoto wa kule hulifurahia. Hili lilikuwa moja, jembamba, na lilikuwa linakuja, na lilikuja bila kufuata upepo, kwa sababu upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yangu na shela lilikuwa linapepea kuelekea kwake. Na kadiri lilivyokaribia nikaanza kusikia lile kasia, mbao kwa mbao, taratibu, na hakuna mtumbwi, na ile harufu ya usipa mbichi ikanifunika mpaka kwenye ulimi, na vile vijidudu vikawa vinatua juu ya shela kimoja kimoja mpaka sikuona mwanga, na ndani ya ule weusi nikasikia miguu iliyolowa inapanda kwenye jiwe, haina haraka, ikasimama mbele ya magoti yangu, na mkono wa baridi ukashika pindo la shela na kulifunua.

Ulikuwa uso wa Kalista. Kila kitu chake, hadi lile kovu dogo la tetekuwanga juu ya mdomo. Ila chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinachosogea, kama maji yanavyosogea chini ya majani yanayoelea.

Jukwaani wanatufundisha jambo moja: ukisahau maneno, usitoke kwenye mtu unayemwigiza. Nikainamisha kichwa, nikauma kidole kama bibi harusi wa Kimatengo aliyelelewa vizuri.

"Umechelewa, mume wangu," nikasema kwa sauti nyembamba. "Wageni wamekula mpaka masufuria."

Kikapita kimya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupata kwenye ukumbi wowote.

Halafu akacheka. Kicheko cha maji yakimiminwa kutoka kwenye chungu kikubwa, hakiishi, na katika kucheka ule uso ukamlegea, ukaanza kuchuruzika, nyusi, kope, kovu, ukashuka kama herufi za damu kwenye bango, na chini yake hakukuwa na kitu cha kusimulia. Nyuma yangu nilimsikia Kalista akikohoa kwa nguvu, kama mtu aliyetolewa majini. Ule mkono ukanishika kiwiko, kwa adabu kabisa, tukashuka jiwe, tukaingia majini hadi kiunoni, gauni likielea. Kisha nikawa nimeshikwa na maji tu.

"Jini Mwenyewe wa Ziwa Nyasa," Bibi Walburga alisema ufukweni, na nikasikia pombe ikimwagwa, "kipande chako umekimaliza. Asante kwa kazi. Nenda kwako."

Hakuna aliyesema kata. Rogasian alikuwa ameitupa kamera mchangani, amemkumbatia mkewe.

Tulilala Ngumbo, asubuhi tukapanda milima. Kalista aliongea njia nzima, kila mtu anamjibu. Kingerikiti tukasimama tena, yule mama ntilie akatupokea kwa shangwe, "Karibu, dada, leo kuna kuku," akaleta sahani tatu. Nikacheka sana. Nikasema mama huyu shule aliikimbia kwenye hesabu. Hakunijibu; watu wa biashara wana mambo mengi.

Tulipofika Mbinga, Eunice alitoka mbio nyumbani kwa bibi yake, akaruka moja kwa moja kwenye mikono ya mama yake, akamnusa shingo. Hapo nililia, siwezi kukataa. Rogasian akaingia dukani. Doa la ukutani lilikuwa limekauka. Akawasha kompyuta, tukainama sote. Kalista alikuwa katikati, mkubwa kama sinia, anatutazama machoni. Kivuli cheusi hakikuwepo. Rogasian akaweka paji la uso mezani, mabega yakamtikisika.

Kisha akainuka, akatazama tena. Akatazama chini kulia. Palikuwa na rangi tupu.

"Debe yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa," nikasema.

Akageuka kwa mkewe. "Si tumekuja naye? Nani kamwona Debe?"

"Rogasian, nimekanyaga mguu wako."

Alipandisha macho kwenye kioo taratibu, akipita helikopta, akipita herufi, na mkono wake ukaenda mdomoni.

Tangu siku hiyo ananishusha kila jioni, maskini, kwa kidole kimoja, na asubuhi anakuta nimerudi mawinguni. Huko Ngumbo tumeenda tena. Bibi Walburga akasema deni halipo, hakuna wa kumfukuza, kila mtu alipewa alichotaja. Kwa hiyo kama kuna mahali hamkunisikia, msilaumu masikio yenu, wala msimlaumu Rogasian, wala jini, ambaye kwa kweli alifanya kazi yake vizuri kuliko sisi wote. Kwenye bango zima ni mtu mmoja tu aliyeomba nafasi yake mwenyewe, kwa sauti, akiwa ameelekea ziwa, na akaona anachekesha.